FASIHI NA FILAMU: Jinsi tanzu za filamu zinavyozaliwa, kukomaa na kugeuka

MTAZAMAJI anapoketi mbele ya skrini, aghalabu hujua kabla ya dakika kumi kupita iwapo atacheka, ataogopa au atatokwa na machozi. Hakuna aliyemdokezea. Muziki, mavazi, mwanga na sura ya mhusika wa kwanza humtosha. Uwezo huo wa kutambua aina ya filamu kabla kisa hakijakolea ndio msingi wa kile ambacho wahakiki hukiita utanzu.

Hata hivyo, tanzu hazidumu katika umbo moja. Filamu iliyochekesha mwaka 1950 huenda ikawaudhi watazamaji wa leo, na kisa kilichotungwa ili kuonya huenda kikarudi baada ya miaka sitini kikiwa cha kusifu kile kile kilichoonywa.

Sababu ni kwamba utanzu ni mapatano baina ya pande tatu: anayetengeneza filamu, anayeigharamia na kuiidhinisha, na anayeitazama. Upande mmoja ukibadilika, utanzu nao hulazimika kubadilika. Historia ya filamu za Afrika Mashariki inalithibitisha jambo hili vizuri, ingawa vitabu vingi vya nadharia hutumia mifano ya Marekani pekee.

Maana ya utanzu

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na dhana ya utanzu mapema, katika fasihi simulizi. Hufunzwa kwamba hadithi ni utanzu wenye vipera vyake: hurafa zenye wahusika wanyama, hekaya zenye mhusika mjanja kama Abunuwasi, mighani za mashujaa, visasili vya chanzo cha mambo, na ngano za mazimwi. Kila kipera kina kanuni ambazo msimulizi na hadhira huzijua bila kuzitaja. Sungura akiingia, hadhira husubiri ujanja. Zimwi likitokea, husubiri hofu, kisha ukombozi.

Filamu hufuata utaratibu uo huo. Katika jamii ya Wabukusu wa Bungoma na Trans-Nzoia, watoto wamelelewa kwa kisa cha Mango, shujaa aliyeliua joka lililokuwa likiangamiza watu, na ambaye hutajwa katika masimulizi ya asili ya tohara ya jamii hiyo. Kina kijiji chenye hofu, adui anayeonekana hashindiki, mtu mmoja anayejitosa na sherehe ya ushindi. Mtu aliyekikulia kisa hicho akiingia katika ukumbi wa video mjini Bungoma au Kitale na kukuta filamu ya mapigano kutoka Hong Kong, hatahitaji kufafanuliwa mpangilio wake.

Kwa hivyo, filamu ilipofika Afrika Mashariki haikuikuta hadhira tupu. Iliikuta hadhira yenye tanzu zake, na tangu siku hiyo tanzu hizo zimekuwa zikibishana na zile zilizotoka ng'ambo.

Hatua nne za makuzi

Mtaalamu wa Marekani Thomas Schatz, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu tanzu za Hollywood, alieleza kwamba utanzu hupitia hatua nne. Kwanza ni hatua ya majaribio, ambapo kanuni hutafutwa. Pili ni hatua ya ukomavu, ambapo watengenezaji na watazamaji wamekwisha kuelewana. Tatu ni hatua ya kunakshi, ambapo kanuni zilizozoeleka hutiwa madoido. Nne ni hatua ya kujitazama, ambapo utanzu huanza kujikejeli au kujihoji wenyewe.

Mfano unaotajwa sana ni filamu za makauboi. Filamu ya "The Great Train Robbery" ilipotolewa mwaka 1903, haikuitwa ya kauboi kwa sababu utanzu huo ulikuwa haujapata jina. Watazamaji waliiweka pamoja na filamu za uhalifu na za safari za treni. Kufikia "Stagecoach" ya John Ford mwaka 1939, kanuni zilikuwa zimetulia. Mwaka 1956, Ford huyo huyo alitoa "The Searchers", ambamo shujaa anaandamwa na chuki yake ya kikabila. Mnamo 1964, Mwitaliano Sergio Leone alichukua kisa cha filamu ya Kijapani, "Yojimbo" ya Akira Kurosawa, akakivisha kofia ya kauboi. Kufikia "Unforgiven" ya mwaka 1992, utanzu ulikuwa ukijiuliza iwapo mauaji yake yote yalikuwa na maana yoyote.

Nadharia hii ina manufaa, lakini ina kasoro. Inauchukulia utanzu kana kwamba ni kiumbe kinachozaliwa, kinachozeeka na kufa kwa wakati wake. Aidha, inachukulia kwamba kuna kiwanda kimoja kikubwa kinachotoa filamu mfululizo. Afrika Mashariki haikuwa na kiwanda cha aina hiyo. Hapa, kisa kimoja kimehama kutoka kwa wakoloni hadi kwa runinga ya taifa, kutoka runinga hadi kwa wafadhili wa kigeni, na kila kilipohama kilibadilika.

Mtu wa shamba mjini

Kisa chenyewe ni cha mtu wa shamba aliyekwenda mjini. Hakuna mada iliyotumika zaidi ya hii kupima mabadiliko ya filamu zetu, na ni mada inayoeleweka vyema katika magharibi mwa Kenya, ambako vijana wa vizazi kadhaa wamepanda magari kuelekea Nairobi kutafuta kazi.

Mwanzo wa filamu za mafunzo katika eneo hili ni mradi wa majaribio uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, ulioendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 ukiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi huo uligharamiwa na shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na uwekaji akiba, na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mnamo 1939, Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilishwa haraka. Kwa hivyo aliagiza filamu ziende polepole, zisiwe na hila za kamera, na kila hatua ionyeshwe kwa ukamilifu. Dhana hiyo ilikuwa ya dharau, na baadaye ilipingwa. Lakini ilizaa utanzu wenye kanuni zake: mtu mwerevu na mtu mpumbavu huwekwa bega kwa bega, mwerevu hufuata ushauri wa serikali na kufaulu, mpumbavu huukataa na kuangamia.

Katika miaka ya 1950, utanzu huo ulianza kuchanganyika na burudani. Filamu ya "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952, iliyotengenezwa Tanganyika, ilimhusu mtu wa shamba anayekumbana na mitego ya mji. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watazamaji walicheka, lakini funzo lilikuwa bayana: mji una miiba, na usalama uko nyumbani. Ilikuwa vigumu kwa serikali ya kikoloni kugharamia funzo jingine, kwani iliogopa miji kujaa vijana wasio na kazi.

Miaka arobaini baadaye, mwelekezi Mkenya Anne Mungai alitoa "Saikati" (1992). Mhusika mkuu ni msichana Mmaasai mwenye ndoto ya kusoma, anayetoroka ndoa ya kulazimishwa na kukimbilia Nairobi pamoja na jamaa yake. Mjini anagundua kwamba jamaa huyo anajikimu kwa kuuza mwili. Mji ungali na miiba, lakini jambo moja limegeuka: nyumbani nako si salama tena. Mwanamke aliposhika kamera, swali la utanzu lilihama kutoka "kwa nini umeondoka?" hadi "ulikuwa unakimbia nini?"

Kisa hicho kiliingia pia katika vichekesho vya runinga. Kenya ilikuwa tayari imezoea vichekesho vya Kiswahili kupitia "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani" katika runinga ya taifa, ambako marehemu Benson Wanjau, maarufu Mzee Ojwang', alijijengea jina. Mwaka 2007, runinga ya Citizen ilianza kuonyesha "Papa Shirandula", ambapo Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza mzee kutoka magharibi mwa Kenya aliyekuwa bawabu Nairobi huku akimficha mkewe aina ya kazi aliyofanya.

Hapa mhusika wa "Muhogo Mchungu" amekwisha kuwa mkazi wa mji. Kicheko hakimlengi kwa sababu ya ushamba wake. Chatokana na pengo kati ya anavyojinadi nyumbani na anavyoishi mjini, pengo ambalo familia nyingi za Bungoma, Kakamega na Busia zilikuwa zikilijua bila kulisema.

Mnamo 2012, "Nairobi Half Life" yake David 'Tosh' Gitonga ilikichukua kisa hicho na kukifanya filamu ya uhalifu. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza kanda za filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja. Anafika Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku hiyo hiyo, anatiwa korokoroni, kisha anajiunga na genge. Usiku ni mwizi, mchana anafanya mazoezi ya tamthilia. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni.

Matukio ya awali ya filamu hii yanafanana mno na yale ambayo mkoloni angeyaandika: kijana, basi, mji, wezi. Hukumu ndiyo imegeuka. Mji uliompora Mwas ndio pia uliompa jukwaa, na filamu haimwambii arudi kwao.

Mwaka 2022, mzunguko ulikamilika kwa tamthilia ya "Country Queen", ya kwanza kutoka Kenya kuonyeshwa na Netflix kama msururu. Mhusika mkuu, Akisa, amefaulu Nairobi. Anarudi kijijini na kukuta kampuni ya madini ikiwapokonya watu ardhi. Mwenye kuporwa sasa ni kijiji, na mwenye kurudi ndiye anayetarajiwa kukinusuru. Ni kisa kile kile kilichogeuzwa nje ndani.

Watazamaji nao hugeuza utanzu

Si watengenezaji pekee wanaobadilisha tanzu. Katika kumbi za video za Afrika Mashariki, watazamaji waliletewa filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani kwa lugha ambazo wengi wao hawakuzielewa. Pengo hilo lilijazwa na msimulizi.

Nchini Tanzania, aliyevuma ni Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyezitia sauti yake ya Kiswahili filamu za kigeni. Nchini Kenya, msimulizi anayejulikana kwa jina la kisanii DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kazi hiyo hiyo, hasa katika filamu za mapigano. Nchini Uganda, wasimulizi huitwa ma-VJ.

Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina jipya, humtania adui, huitikia ngumi kwa vifijo na kuongeza methali na mizaha ya mtaani. Filamu iliyotengenezwa Hong Kong kuwa ya kisasi huishia kuwa kichekesho katika ukumbi wa Kitale. Picha hazijabadilishwa hata moja, lakini utanzu umebadilika, kwa kuwa mapatano na hadhira yamebadilika. Msimulizi huyo ni ndugu wa fanani wa ngano, ambaye naye hakupata kusimulia kisa kwa namna ile ile mara mbili.

Huko Wakaliga, Kampala, mwelekezi Isaac Nabwana alipiga hatua zaidi. Katika "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010, sauti ya msimulizi ilipachikwa ndani ya filamu yenyewe, ikishangilia na kukejeli matukio. Kilichoanza kama tabia ya kumbi za video kikawa sehemu ya usanii. Hivyo ndivyo utanzu mpya huzaliwa: mazoea ya watazamaji hupanda ngazi na kuwa kanuni ya watengenezaji.

Video, mashetani na mapenzi

Mabadiliko ya vyombo nayo huzaa tanzu. Filamu ya ukanda wa selulosi ilihitaji fedha nyingi, na kwa hivyo ilihitaji serikali au mfadhili. Kamera ya video ilipopatikana kwa bei nafuu, mfanyabiashara wa kawaida aliweza kuwa mtayarishaji, na mnunuzi wa kanda ndiye aliyeamua mada.

Nchini Nigeria, "Living in Bondage" ya mwaka 1992 ilifungua mlango wa filamu za video zilizojaa uchawi, utajiri wa ghafla na toba. Tanzania haikukawia. "Shamba Kubwa" ya mwaka 1995 ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo za video za kutisha kwa Kiswahili, na mwaka 2003 Mussa Banzi akatoa "Nsyuka". Mashetani ya filamu hizi yanamkumbusha mtazamaji ngano za mazimwi, ingawa muziki na ukataji wa picha ulifuata mitindo ya ng'ambo.

Mwaka huo wa 2003 ndio pia uliotoa "Girlfriend", iliyochanganya mapenzi na muziki wa kizazi kipya. Baada ya hapo, Steven Kanumba, Vincent Kigosi na wenzao waliuelekeza mkondo wa filamu za Bongo kwenye mapenzi, usaliti na migogoro ya familia. Kanumba alivuka hadi Nigeria kwa "Dar 2 Lagos" ya mwaka 2006, na kifo chake Aprili 2012 kiliutikisa mkondo huo mzima. Wahakiki walizilaumu filamu hizo kwa kurudiarudia. Lakini kurudia ndiko kunakothibitisha kwamba mapatano yamekomaa: mnunuzi alijua anachokilipia.

Kuchanganya tanzu

Tangu mwaka 2009, waelekezi wa Kenya wamekuwa wakichanganya tanzu kwa ujasiri. "Pumzi" ya Wanuri Kahiu, yenye dakika zipatazo 21, ni bunilizi ya kisayansi kuhusu Afrika Mashariki ya wakati ujao iliyokumbwa na vita vya maji. Badala ya vyombo vya angani na silaha, kuna udongo, mbegu na mwanamke anayetoka nje kuipanda. Utanzu uliohusishwa na hofu ya mitambo uligeuzwa kuzungumzia ukame, hofu ambayo Mkenya anaijua kwa ukaribu zaidi.

"Kati Kati" ya Mbithi Masya (2016) iliwaweka wafu katika hoteli ya nyikani, ikaiacha hofu na kuzungumzia majuto. "Supa Modo" ya Likarion Wainaina (2018) ilichukua filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu na kuitia katika maisha ya msichana mgonjwa asiye na siku nyingi, ambaye kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Nayo "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliunganisha mapenzi na siasa za ukombozi Zanzibar.

Anayetoa jina na anayetoa kibali

Upande wa tatu wa mapatano, yaani wenye fedha na wenye mamlaka, haupaswi kusahauliwa. Nchini Kenya, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo chanzo chake ni mwaka 1962, huitaka filamu ipate kibali na kupangiwa umri wa watazamaji. Mwaka 2018, filamu ya "Rafiki", kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mahakama Kuu baadaye iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Mwelekezi akijua mada fulani itazuiwa, huiepuka au huificha ndani ya utanzu mwingine, na hivyo mipaka ya tanzu huchorwa pia na sheria.

Wenye majukwaa ya kuonyesha filamu nao huzipachika majina ili mteja azipate upesi. Majina hayo hutungwa mbali. Filamu yenye mganga, kesi ya shamba na vichekesho vya mazishini hulazimishwa kuingia katika kapu moja, na isipotosha huhesabiwa kuwa imevurugika. Mhakiki asiyekuwa mwangalifu huirudia hukumu hiyo.

Hapa ndipo kazi ya vyuo inapohitajika. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho karibu na mji wa Bungoma na kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2015, kimezungukwa na hazina ya masimulizi. Chukua mfano wa Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Aliichezea Kenya kandanda katika ujana wake, akaupinga ukoloni, akashuhudia wafuasi wake wakipigwa risasi na polisi kule Malakisi Februari 1948, akawekwa kizuizini kwa miaka mingi, akafungwa tena hata baada ya uhuru, na akafariki mwaka 1987.

Kisa hicho kimoja chaweza kuwa filamu ya historia, tamthilia ya mahakamani, filamu ya michezo au mighani ya nabii. Msambazaji wa kigeni angetaka shujaa mmoja na adui mmoja. Mzee wa Kimilili, aliyesikia habari za Masinde kutoka kwa babake, angetarajia unabii, nyimbo na mabishano ambayo hayajamalizika hadi leo. Utanzu utakaochaguliwa ndio utakaoamua nini kitakumbukwa na nini kitaachwa nje ya picha.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Mtunzi wa filamu anayezijua tanzu za ng'ambo na vipera vya kwao ana malighafi mara mbili. Asiyejua za kwao hubaki kuiga mapatano ambayo hadhira yake haikuyatia sahihi.